Manic Miner: mapango 20 yasiyomwonea mtu

Mapango 20 ya Manic Miner yanafanya leo kile kile yalichofanya mwaka 1983. Roboti ya manjano katika pango la kwanza inaanzia pale pale, inatembea kwa mwendo ule ule na kugeukia mahali pale pale. Mkanda wa kiwandani unavuta miguu ya mchezaji kuelekea kushoto, na haujawahi kughairi ukavuta kulia. Sakafu inayomomonyoka inamomonyoka kwa idadi ile ile ya hatua. Programu hii hairushi kete popote. Ukifa, pango linajipanga upya kama lilivyokuwa na kukungoja.

Nimekuwa nikiicheza tena gemu hii nyakati za usiku, nyumba ikishatulia, na kila ninapovuka pango moja nazidi kushikilia rai moja: sifa ya ukatili iliyoandama jina lake haiistahili. Ni ngumu, tena ngumu kwelikweli. Vijana wa Uingereza wa miaka ya 80 walikesha nayo na wengi wao hawakuwahi kuliona pango la mwisho. Lakini ugumu wake ni wa haki. Kila kifo ndani yake kina sababu unayoweza kuionyesha kwa kidole, na haki ya namna hiyo ilikuwa adimu katika gemu za zama zake. Hata katika za zama zetu haipatikani kirahisi.

Mchezo wenyewe unaelezeka kwa maneno machache. Mchimba madini aitwaye Willy anatafutatafuta mali pande za Surbiton, kitongoji cha kusini-magharibi mwa London, akakutana na shimo la mgodi wa kale uliosahaulika. Huko chini kuna mabaki ya ustaarabu ulioteketea kwa vita. Wenyewe wamekwisha, lakini roboti zao hazikupewa taarifa na bado zinachimba. Willy anatakiwa kukusanya vitu vyote vinavyometameta katika pango, kisha kukimbilia lango ambalo huanza kuwakawaka akishapata cha mwisho, yote hayo kabla hewa haijamwishia. Kila pango ni skrini moja isiyosogea, na chini yake kuna mstari wa hewa unaofupika bila huruma. Anaanza na maisha matatu. Akigusa mmea wenye sumu, akigusa buibui au roboti, au akianguka kutoka juu mno, moja limekwenda. Yakiisha yote, buti kubwa linashuka kutoka juu ya skrini na kumponda. Buti hilo lilichotwa kwa wachekeshaji wa Monty Python, ambao vijana wa Uingereza wa wakati ule walikua wakiwatazama kwenye televisheni.

Aliyeiandika ni Matthew Smith wa Wallasey, mji ulio ng'ambo ya mto Mersey ukitokea Liverpool. Alikuwa na miaka 17 au karibu na hapo. Merseyside ya siku zile ilikuwa mahali pa kukatisha tamaa. Bandari ilikuwa imedorora, viwanda vilifungwa kimoja baada ya kingine, ajira kwa vijana zilikauka, na Julai 1981 mtaa wa Toxteth ulilipuka kwa ghasia zilizotikisa nchi nzima. Katika eneo hilo hilo zikachipuka kampuni za gemu za kompyuta za nyumbani: Bug-Byte, Imagine, na baadaye Software Projects. Kazi hii haikuuliza cheti. Kijana aliyeweza kuzungumza na prosesa kwa lugha yake aliweza kuandika gemu chumbani kwake, ikanakiliwa kwenye kaseti na kuuzwa madukani kote Uingereza.

Smith alikuwa na kompyuta ya Tandy TRS-80, na hiyo ndiyo aliyoitumia kuandikia, kisha akaisafirisha programu kwa waya hadi kwenye ZX Spectrum. Spectrum yenyewe aliipata kwa makubaliano na Bug-Byte: wao wamwazime mashine, yeye awaandikie gemu tatu. Ya kwanza ilikuwa Styx, gemu ndogo ambayo watu wachache wanaikumbuka. Ya pili ni Manic Miner, iliyokamilika kwa takribani wiki nane. Wazo lake lilikuwa na mzazi anayejulikana. Mwaka 1982 Mmarekani Bill Hogue alitoa Miner 2049er, yenye mchimba madini anayerukaruka majukwaani katika hatua 10. Smith akamchukua mchimba madini na majukwaa, akafanya mapango 20, na mengine yote akayatoa kichwani mwake.

Mashine aliyoiandikia inahitaji maelezo kidogo, maana haki ninayoizungumzia inaanzia humo. ZX Spectrum ilitolewa Aprili 1982 na Sinclair Research ya Cambridge. Yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16 iliuzwa pauni 125, na ya kilobaiti 48 pauni 175, bei iliyoiweka ndani ya uwezo wa familia nyingi za kawaida. Iliunganishwa na televisheni ya sebuleni, na gemu zilipakiwa kutoka redio kaseti kwa dakika kadhaa za mlio mkali unaokwaruza masikio. Prosesa yake, Z80, ilienda kwa kasi ya megahezi 3.5. Skrini peke yake ilikula karibu kilobaiti 7 za kumbukumbu. Katika nafasi iliyobaki Smith alilipa kila pango baiti 1,024, hakuna lililozidi wala lililopungua, kwa hiyo mapango yote 20 yanachukua baiti 20,480. Picha moja ya kamera ya simu ya leo inaizidi gemu nzima kwa ukubwa mara nyingi sana.

Sasa kuna jambo kuhusu rangi ambalo nalipenda kuliko yote katika programu hii. Skrini ya Spectrum imegawanywa viboksi 768, safu 24 za viboksi 32, na kila kiboksi kinaruhusiwa rangi mbili tu: moja ya wino, moja ya karatasi. Umbo la bluu likipita mbele ya jekundu, rangi zinavamiana na picha inachafuka. Waandishi wengi wa gemu walilalamikia jambo hili miaka yote ya uhai wa mashine hiyo. Smith alilifanya kuwa sheria ya dunia yake. Theluthi mbili za juu za skrini, viboksi 512, ndizo pango. Theluthi ya chini inabeba jina la pango, mstari wa hewa na alama. Ndani ya pango kuna aina nane tu za viboksi: utupu, sakafu, sakafu inayomomonyoka, ukuta, mkanda unaotembea, viuaji vya aina mbili, na kimoja cha ziada kwa mahitaji ya pango husika. Kila aina imepewa rangi yake. Na programu inapotaka kujua Willy amekanyaga nini, haihangaiki na umbo wala haina orodha ya siri pembeni. Inasoma rangi ya kiboksi. Rangi ikiwa ya sakafu, anasimama. Ikiwa ya mmea wenye sumu, anakufa.

Maana yake kwa mchezaji ni kubwa. Kile unachokiona kwenye skrini ndicho hicho hicho mashine inachokijua. Wewe na mwamuzi mnasoma karatasi moja. Hakuna mtego usioonekana wala jiwe linalodondoka kutoka mahali ambapo hapakuwa na kitu. Kwa roboti na viumbe vinavyotembea, kipimo ni kikali zaidi: pikseli moja ya Willy ikigusana na pikseli moja ya adui, amekufa. Ila zikipishana kwa upana wa pikseli moja, anapita salama, na mchezaji aliyezoea anaujua upenyo huo na kuutegemea. Nimewahi kuzungumza na watu walioichukia gemu hii utotoni kwa sababu ya kifo cha pikseli moja. Mimi nadhani hapo ndipo inapomheshimu mchezaji, kwa sababu kipimo kinachokuua ndicho kinachokuokoa.

Kisha kuna kuruka. Willy ana mruko mmoja tu, wenye urefu ule ule na umbali ule ule, na ukishaubonyeza huwezi kuurekebisha angani. Ni sawa na kuruka mtaro wa mvua: mguu ukishaacha ukingo, hauna tena la kushauriana nawe. Mtu aliyelelewa na gemu za leo hushangaa hapa. Super Mario Bros. ya 1985 inakuruhusu kumwelekeza Mario akiwa hewani. Celeste ya 2018, ambayo nayo ni ngumu sana, inampa mchezaji muda mdogo wa hisani baada ya kuacha ukingo, bado anaweza kubonyeza na kuruka ingawa miguu imeshaachana na ardhi. Willy hana hisani hiyo. Uamuzi wote unafanyika chini, umesimama, ukimtazama adui anavyokwenda na kurudi. Kwa hiyo Manic Miner, pamoja na kelele zake zote, ni gemu ya kufikiri. Vidole vinatekeleza tu kile ambacho jicho limeshakipima.

Hili linaonekana vizuri katika pango la 5, Eugene's Lair. Katikati ya pango kuna kichwa kikubwa chenye uso, ndiye Eugene, kinachopanda na kushuka bila kukoma. Lango la kutokea liko chini yake hasa. Pembeni kuna vyoo vinavyotembea, vikifungua na kufunga mifuniko yake. Unazunguka pango zima ukiokota kila kitu, ukikwepa kila kitu, na unapookota cha mwisho Eugene anaacha kupanda. Anashuka moja kwa moja hadi kwenye lango na kukaa hapo, akibadilisha rangi, amelifunga. Mara ya kwanza unaona umeonewa. Ukitulia unatambua kwamba pango lilikuwa linakuuliza kitu ambacho hukukisikia: utaokota kipi mwisho, na wakati huo Eugene awe wapi? Jibu ni kuacha kitu kilicho karibu na lango hadi mwisho, kisha ukitwae Eugene akiwa juu, na kuwahi mlangoni kabla yake. Ukishalijua jibu, pango linageuka kuwa mtihani wa utulivu. Kijana wa miaka 17 alifikiria hayo yote, na alijua utakasirika kwanza ndipo uelewe.

Jina la Eugene nalo lina habari yake. Linahusishwa na Eugene Evans, kijana mwenzake Smith wa Liverpool aliyekuwa anaandika gemu katika kampuni ya Imagine, na ambaye magazeti yalimpamba wakati huo kwa mshahara mkubwa uliosemwa analipwa. Imagine ilianguka mwaka 1984. Kichwa cha Eugene bado kinapanda na kushuka.

Mapango mengine yamejaa mambo ya aina hiyo, na kuyapitia ni kupita ndani ya kichwa cha kijana mmoja wa mwaka ule mmoja. Katika mapango mawili kuna sokwe wa Kong, kwa kuwa Donkey Kong ya Nintendo ilikuwa imetoka 1981 na kila mtu aliicheza. Ukigusa swichi za juu unaweza kumwangusha sokwe huyo na kujipatia alama. Pango la Endorian Forest limetoka kwenye filamu ya Return of the Jedi, ambayo ilikuwa ndiyo kwanza imefika sinema. Pango la simu za mezani zilizogeuka mazimwi linachezea jina la gemu ya Jeff Minter kuhusu ngamia wa namna hiyo. Skylab Landing Bay lina vituo vya anga vinavyodondoka kutoka juu na kuvunjika vinapotua, miaka minne tu baada ya Skylab halisi ya Wamarekani kuanguka Julai 1979 na vipande vyake kutapakaa Australia Magharibi. Studio za leo zina mamia ya watu na kila wazo hupitia mikutano. Hapa wazo lilitoka kichwani likaingia moja kwa moja kwenye baiti 1,024, na bado lina joto la mwenyewe.

Lakini pango ambalo ningemwonyesha mtu wa kwanza kabisa ni la 19, Solar Power Generator. Mwale wa mwanga unaingia kutoka juu na kuteremka. Ukikutana na adui anayetembea, unapinda na kwenda upande mwingine, ukikutana na mwingine unapinda tena. Maadui wanasogea, kwa hiyo mwale nao unabadilisha njia kila wakati, ukifagia pango lote. Mwale hauui. Ukimwangukia Willy, unamnyonya hewa kwa kasi. Kwa mashine ya megahezi 3.5 ni kazi ya kupendeza mno: programu inaufuatilia mwale kiboksi kwa kiboksi, tena na tena, huku kila kitu kingine kikiendelea. Hapa napo hakuna bahati nasibu. Mtu mvumilivu anaweza kusimama na kuusoma mwale mpaka aujue utakuwa wapi, ila kusimama huko kunamla hewa. Hapo ndipo uzuri wa pango ulipo, kwamba kujua kuna gharama.

Kuhusu muziki, watu hugombana. Spectrum haikuwa na chipu ya sauti. Ilikuwa na spika ndogo ambayo prosesa yenyewe ililazimika kuisukuma, na wakati inaisukuma haiwezi kufanya lingine lolote. Ndiyo maana gemu nyingi za mwanzo zilikuwa bubu wakati wa kucheza, zikitoa mlio mfupi wakati wa kuruka au kufa. Smith aliukata wimbo wa Edvard Grieg wa mfalme wa milimani, uliotungwa kwa ajili ya tamthilia ya Peer Gynt, katika vipande vidogovidogo, na kukipiga kimoja kila programu inapomaliza mzunguko wake. Wimbo unasikika umekatikakatika na unarudia kipande kile kile bila kuchoka. Unaweza kuuzima kwa kubonyeza batani moja. Mimi nauacha, kwa kuwa wimbo na mwendo wa maadui vinatoka kwenye mzunguko mmoja wa programu, na masikio yakishazoea yanaanza kulisaidia jicho kuhesabu. Skrini ya mwanzo ina Strauss, wimbo wa mto Danube, pamoja na kinanda kilichochorwa chini yake ambacho funguo zake zinabonyea kufuata noti. Hiyo ilikuwa fahari tu ya kijana aliyejua anaweza, na nampongeza.

Ugumu mkubwa kuliko wote hauko ndani ya pango lolote. Gemu haihifadhi ulipofikia. Ukifa katika pango la 17 na maisha yamekwisha, unarudi la kwanza. Kulikuwa na sababu ya kibiashara: gemu ya kilobaiti 48 ingeweza kumalizika jioni moja, na mzazi aliyeinunua angeuliza fedha zake zimekwenda wapi. Lakini matokeo yake kwa mchezaji ni kitu kingine. Mapango ya mwanzo unayapita mara nyingi mno hata yanaacha kuwa magumu. Pango la kwanza, lililokuua kila mara siku za mwanzo, linakuwa la kupita ukiwaza mambo mengine. Kisha la pili, lenye ndege wa barafuni na shimo la kuteremkia upande wa kulia. Kisha la tatu. Uwezo unapanda ndani yako polepole na unaweza kuuona, kwa sababu mapango hayakubadilika hata kidogo. Aliyebadilika ni mmoja tu.

Gemu nyingi za leo zimeitoa gharama hiyo. Super Meat Boy ya 2010 inakurudisha ulipoanzia papo hapo, kabla hujapata muda wa kukasirika, na unaweza kufa mara mia ukiwa umetabasamu. Naipenda. Ila kifo kisichogharimu kitu kinamfanya mtu ajaribu bila kutazama, akitegemea kwamba mara moja kati ya nyingi itafaulu. Manic Miner inakulazimisha utazame kwanza. Zile programu za kuigiza Spectrum kwenye kompyuta na simu za leo zinakuruhusu kuhifadhi mahali popote, hata katikati ya mruko, na nimeona watu wakimaliza gemu nzima kwa njia hiyo mchana mmoja. Wanayaona mapango yote, hilo ni kweli. Kulimiliki hata moja ni habari nyingine.

Ili kujua haki ya Manic Miner ina thamani gani, icheze pamoja na gemu iliyofuata. Baada ya muda mfupi Smith aliachana na Bug-Byte akaenda na gemu yake, ambayo ilitolewa upya na Software Projects ikiwa na mabadiliko machache. Mwaka 1984 wakatoa Jet Set Willy. Mchimba madini sasa ni tajiri mwenye jumba kubwa. Amefanya sherehe, nyumba imechafuka, na mtunza nyumba wake Maria hamruhusu kulala mpaka aokote vitu vyote vilivyotapakaa katika vyumba 60. Iliuzwa kwa wingi mno Uingereza, na ni gemu yenye ndoto kubwa kuliko ya kwanza: unaingia chumba chochote upendacho, unachunguza, unapotea. Nampenda Smith kwa kuthubutu.

Lakini haki imevunjika humo. Ukifa, gemu inakurudisha mahali ulipoingilia chumbani. Kama uliingia ukiwa unaanguka kutoka chumba cha juu, unarudishwa hewani, unaanguka tena, unakufa tena, na maisha yako yote yanateketea mbele ya macho yako bila wewe kuweza kubonyeza chochote. Kibaya zaidi ni dari. Ukishaingia katika chumba kiitwacho The Attic, mshale mmoja unaoruka humo unaandika mahali pasipo pake katika kumbukumbu, na baadhi ya vyumba vingine vinaharibika kabisa, unaingia tu unakufa. Gemu ilivyouzwa haikuwezekana kumalizika. Kampuni mwanzoni ilidai hiyo ni sehemu ya mchezo, kwamba vyumba vile vimejaa gesi ya sumu. Baadaye marekebisho yalitolewa, na wachezaji wenyewe ndio walioyatafuta kwa kuichimbua programu. Mchezaji wa Jet Set Willy aliyekufa kwenye chumba kilichoharibika hakuwa na cha kujifunza. Angeweza kutazama hadi asubuhi. Hiyo ndiyo tofauti ninayoisemea, na inatoka kwa mwandishi yule yule, kwenye mashine ile ile, ndani ya mwaka mmoja.

Baada ya hapo Smith hakutoa tena gemu iliyofikia hizo mbili. Ya tatu ya Willy ilitangazwa na haikutoka. Aliishi Uholanzi kwa muda, akarudi Uingereza, na kwa miaka mingi wapenzi wa gemu zake walijiuliza yuko wapi. Alipoonekana tena katika mahojiano, watu wenye mvi walipanga foleni kumshika mkono. Mengi yameandikwa kuhusu ukimya wake, na sehemu kubwa sioni faida yake. Alichoandika kabla ya kufikisha miaka 20 kinamtosha mtu yeyote.

Kwetu Tanzania mashine hizi hazikufika sebuleni. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi miaka ya 1990. Spectrum ilihitaji vyote viwili, kompyuta na televisheni, pamoja na redio kaseti ambayo ndiyo pekee tuliyokuwa nayo. Wengi wetu tulianza na zile mashine za kuiga Famicom ya Nintendo, zenye kaseti za plastiki za gemu nyingi, na Mario wa kuelekezwa angani ndiye aliyetufundisha kuruka. Kwa hiyo mtu wa kizazi changu anayefungua Manic Miner leo haikumbuki. Anakutana nayo ikiwa mpya, bila kumbukumbu za utotoni za kuipendelea, na hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba ubora wake si wa kumbukumbu za Waingereza. Imesimama kwa miguu yake.

Kuipata si kazi. Programu za kuigiza Spectrum ni za bure na nyepesi, hata kompyuta ndogo iliyochoka inaziendesha, na mwaka 2024 kampuni ya Retro Games ilitoa mashine mpya yenye umbo na batani za mpira za ile ya zamani. Tafuta kibodi halisi, usichezee kwenye kioo cha simu. Katika toleo la Spectrum batani za safu ya juu ya herufi zinapokezana: Q ni kushoto, W ni kulia, E kushoto, R kulia, mpaka mwisho wa safu, na safu ya chini yote ni ya kuruka. Kila mtu anachagua jozi inayoukaa mkono wake. Mimi natumia O na P kwa mkono wa kulia, na kuruka kwa wa kushoto.

Katika siku za mwanzo, pango la kwanza litakutosha. Usikimbilie chochote. Simama pale Willy anapoanzia, tazama roboti ikienda na kurudi mara kadhaa, kisha panda. Ukifika pango la 17, The Warehouse, ambalo kwangu ndilo gumu kuliko yote, utakuta sakafu karibu yote inamomonyoka na mashine zinapanda na kushuka katikati ya njia zake. Panga safari nzima kabla ya hatua ya kwanza, maana kila mahali unapokanyaga hutapakanyaga tena.

Kuna namba ya siri kwa asiyeweza kusubiri. Katika toleo la Bug-Byte, ukiandika 6031769 wakati wa kucheza, buti dogo linatokea chini ya skrini pamoja na maisha yako yaliyobaki, na kuanzia hapo unaweza kurukia pango lolote. Itumie kwenda kuutazama ule mwale wa pango la 19, na kufanya mazoezi ya Eugene. Ukishatosheka, zima na uanze upya bila buti. Anayevuka pango la 20 kwa miguu yake anamwona Willy akitokea juu ya ardhi, kwenye jua, na picha ya upanga na samaki inachorwa langoni. Aliyeandika namba havioni. Programu inakagua kwanza kama buti lipo, na likiwapo inaipita sherehe yote na kumpeleka moja kwa moja pango la kwanza.